Maji Twahara Yanayodhuru: Uchimbaji wa Madini na Maji ya Chini ya Ardhi Dodoma na Nyanda za Kati

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Tumeletewa suala na familia moja ya Unguja. Mama yao alifariki, Allah amrehemu, na watoto wake wakachangishana fedha wamchimbie kisima kiwe sadaka yenye kuendelea. Mmoja wao anafanya kazi Dodoma, na kupitia kwake wakapata habari za kijiji katika mkoa wa Singida ambacho wanawake wake walikuwa wakitoka alfajiri kufuata maji. Kisima kikachimbwa, maji yakatoka maangavu na matamu, watu wakasoma dua. Miezi michache baadaye wachimbaji wadogo wa dhahabu wakafungua sehemu ya kuchenjulia upande wa juu wa kijiji. Familia inauliza mambo matatu: Je, maji yale bado yanafaa kwa udhu? Yanafaa kunywewa? Na wao waliotoa kwa nia njema wana jukumu gani ikiwa maji yatawadhuru watu?

Tunatanguliza jibu kwa ufupi, kisha tutalifafanua. Udhu kwa maji yale unasihi maadamu hayakubadilika kwa najisi. Kunywa ni suala jingine, na jibu lake halipatikani kwa kuonja wala kunusa, linapatikana maabara. Na aliyechimba kisima, hata akiwa mbali, bado ana sehemu yake katika kukiangalia. Kuyafahamu haya kunahitaji kwanza tujue maji ya bara ya kati yanatoka wapi na yanaharibikaje.

Maji ya Dodoma yanatoka wapi

Wengi wetu visiwani tuna mtu Dodoma: mwanafunzi wa chuo kikuu, mtumishi wa serikali, mfanyabiashara. Tangu serikali ilipohamia huko kwa kasi kuanzia mwaka 2016, mji umekua sana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma peke yake. Kwa miaka mingi tegemeo kubwa la mji huo limekuwa visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini ya mji. Vijiji vya Bahi, Chamwino, Manyoni, Ikungi na Iramba navyo hutegemea zaidi visima, kwa kuwa mito yao mingi hukauka baada ya masika.

Mvua ya Dodoma ni kidogo, kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na takriban yote hunyesha baina ya Disemba na Aprili. Jua na upepo huchukua sehemu kubwa ya mvua hiyo kabla haijazama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipitia kumbukumbu za miaka 55 za vina vya maji katika visima vya Makutupora. Watafiti waliona kwamba maji yale hayajazwi kila mwaka. Kina hushuka mwaka baada ya mwaka, kisha kikapanda kwa ghafla katika msimu mmoja wa mvua kubwa, kama zile mvua za El Niño za 1997 na 1998. Misimu michache tu katika nusu karne ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya maji yaliyonywewa.

Hapa pana funzo la mwanzo. Sisi tuliozoea masika na vuli hudhani kwamba kisima kilichoharibika kitajisafisha mvua ikija. Katika nyanda za kati huenda mvua ya kukisafisha ikachukua miaka mingi kufika. Na ile mvua kubwa inayojaza ardhi maji ndiyo hiyo hiyo inayofurisha mashimo ya machimbo na kusukuma yaliyomo yaingie chini. Kwa hiyo neema na madhara huweza kuingia kwa mlango mmoja.

Jambo la pili ni mwamba wenyewe. Sehemu kubwa ya ardhi ile ni mwamba wa kale na mgumu wa asili ya matale. Maji hukaa katika udongo uliooza juu ya mwamba na katika nyufa zake. Anayetazama juu ya ardhi hawezi kujua ufa unaelekea wapi. Visima viwili vilivyo jirani huweza kuwa kimoja kizima na kingine kimeharibika, kwa sababu ufa wa pili unatoka upande wa machimbo.

Uchimbaji unaharibuje maji

Uchimbaji katika nyanda za kati si jambo la jana. Dhahabu ya Sekenke, huko Iramba, ilikuwa ikichimbwa tangu enzi za Wajerumani, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora ikafuliwa sarafu za rupia 15 mwaka 1916. Leo wachimbaji wadogo wapo katika sehemu nyingi za Singida na Dodoma, na migodi mikubwa imefunguliwa pia. Wapo wanaotafuta vito, wapo wanaochimba jasi, na pale Bahi na Manyoni kampuni zimewahi kutoboa ardhi kutafuta urani. Madini ni rizki ya halali na watu wengi wanasomesha watoto kwayo. Tunachokieleza hapa ni njia ambazo uchimbaji usio na uangalizi hutia sumu katika maji yaliyo chini.

Njia ya kwanza ni tindikali. Miamba mingi yenye dhahabu imebeba pia madini ya chuma yaliyochanganyika na salfa. Yakiwa chini, mbali na hewa, hayana neno. Yakichimbuliwa na kurundikwa juu, hewa na mvua huyageuza kuwa tindikali ya salfa. Tindikali hiyo huyayeyusha madini mengine yaliyomo katika jiwe, kama vile aseniki, risasi na shaba, na maji yakazama nayo. Rundo la mawe lililoachwa na mchimbaji aliyekwishaondoka huweza kuendelea kutoa tindikali kwa miaka mingi baada yake.

Njia ya pili ni zebaki. Mchimbaji mdogo husaga jiwe kwenye karasha, akaosha unga wake na kuukamata kwa zebaki, kisha akachoma zebaki ili ibaki dhahabu. Mvuke wake humdhuru yeye kwanza, na mke na watoto wake ikiwa anachoma nyumbani. Zebaki iliyobaki hutuama katika mchanga wa marudio. Kwa kawaida haiendi mbali ndani ya ardhi, kwani hushikana na udongo. Lakini marudio hayo hununuliwa na kupelekwa kwenye matangi ya kuchenjulia kwa sayanaidi, ili kutoa dhahabu iliyosalia. Sayanaidi huyeyusha dhahabu, na huyeyusha zebaki pia. Hapo zebaki iliyokuwa imekaa mahali pamoja hupata kipando cha kwenda nacho.

Njia ya tatu ni sayanaidi yenyewe. Ikiwa juani na hewani huvunjika baada ya muda. Ikizama kwenye giza la ardhini hukaa zaidi. Tangi lisilotandikwa vizuri chini, au bwawa la topesumu ambalo kingo zake ni dhaifu, ni hatari kwa kila kisima kilicho upande wa chini yake. Watu wa Kishapu, mkoa wa Shinyanga, waliona mfano wa bwawa kushindwa tarehe 7 Novemba 2022, pale kingo za bwawa la topesumu la mgodi wa almasi wa Mwadui zilipopasuka na tope likaingia mashambani na kwenye makazi. Mgodi wa almasi hautumii sayanaidi kama wa dhahabu, lakini tukio lile lilionesha kwamba ukuta wa udongo ni ukuta wa udongo, na mtu hapaswi kuulalia usingizi.

Njia ya nne ni kukausha. Shimo likifika kwenye maji, mchimbaji huyavuta kwa pampu ili afanye kazi. Maji ya jirani hushuka, visima vya vijiji hukauka, au hubaki na maji ya chini zaidi ambayo mara nyingi yana chumvi nyingi zaidi.

Njia ya tano ni makazi yanayozuka. Mahali paliposikika dhahabu hujaa watu kwa wiki chache, bila vyoo vya maana. Vinyesi, mafuta ya mashine na maduara yaliyoachwa wazi hupeleka uchafu moja kwa moja chini, bila ya kuchujwa na udongo.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuseme kwamba si kila maji mabaya yameharibiwa na mchimbaji. Nyanda za kati zina maji yenye floraidi nyingi kwa asili, hasa sehemu za Singida, na meno ya kahawia ya baadhi ya watoto wa huko ni dalili yake. Urani ya Bahi na Manyoni imelala karibu na uso wa ardhi tangu kabla ya mtu yeyote kuja na mashine. Kwa sababu hii kipimo cha kabla ya uchimbaji kina thamani kubwa. Bila ya hicho, mchimbaji atasema maji yalikuwa hivyo tangu zamani, na mwanakijiji atasema yalikuwa mazuri, na kadhi hatakuwa na ushahidi mikononi.

Viumbe wanaoishi chini

Maji ya chini ya ardhi yana wakaazi. Katika nyufa, mapango na baina ya chembe za mchanga huishi viumbe wadogo, wengi wao jamii ya kamba, ambao baadhi yao hawazidi chembe ya mchele. Hawana macho, kwa kuwa hawajapata kuona mwanga, na miili yao haina rangi. Wapo hata samaki. Huko Somalia, katika maji yaliyo chini ya jangwa, yuko samaki asiye na macho wala magamba ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na kumwita Phreatichthys andruzzii.

Maisha yao ni ya taratibu. Chakula chao ni kile kidogo kinachoteremka na maji ya mvua, pamoja na bakteria wanaoota juu ya mawe. Huzaa kidogo, na wengine wanapatikana katika eneo moja tu duniani. Bakteria wa chini huvunja uchafu, na wadudu wale huwala bakteria na kupitapita baina ya chembe, hivyo vijia vya maji havizibi. Yaani sehemu ya usafi wa kisima chako inafanywa na viumbe usiowaona. Tindikali, shaba au sayanaidi ikiingia huwaua, na maji yakivutwa hadi kina kikashuka ghafla hubaki pakavu. Wakishaondoka ni vigumu kurudi, kwa sababu hawawezi kutembea juu ya ardhi kutoka bonde moja kwenda jingine.

Nchini Australia jambo hili limefika mbele ya watawala. Katika jimbo la Australia Magharibi, anayetaka kufungua mgodi anaweza kutakiwa kwanza achunguze viumbe wa chini ya ardhi. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya jimbo hilo ilipendekeza mgodi wa urani wa Yeelirrie usiruhusiwe, kwa hoja kwamba ungeweza kuvimaliza kabisa baadhi ya viumbe hivyo. Waziri wa jimbo akauruhusu mwaka 2017, na serikali kuu mwaka 2019, na watu wakagawanyika. Tunautaja mfano huu kwa sababu urani ya Yeelirrie imelala katika mashapo ya karibu na uso wa ardhi, katika nchi kavu, hali inayofanana na ya Bahi na Manyoni. Hapa kwetu kisima kikipimwa, hupimwa chumvi na vijidudu vya maradhi, wala hakuna anayeuliza kuhusu wakaazi wake.

Muislamu hawezi kuliona hili kuwa ni jambo la upuuzi. Suratul An'am, aya ya 38, inatufundisha kwamba kila mnyama atembeaye katika ardhi na kila ndege arukaye ni umati mfano wetu. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Nabii mmoja alilaumiwa na Mola wake kwa kuwachoma chungu wa kichuguu kizima kwa sababu chungu mmoja alimuuma. Haja ya mwanadamu inatangulia, na hakuna mwanachuoni aliyesema kisima kisichimbwe kwa ajili ya kijidudu. Lakini kuangamiza umati mzima kwa uzembe, ambao ungezuilika kwa karatasi ya plastiki chini ya tangi, hakuna wa kukutetea nako.

Twahara ni kitu kimoja, usalama ni kitu kingine

Sasa tuingie katika hukumu. Watoto wetu wanajifunza chuoni kwamba maji yakiwa mengi, yaani yamefika qullatain, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu kwa kuingiwa na najisi. Asili yake ni hadithi ya qullatain na hadithi ya kisima cha Budha'a cha Madina. Sifa hizi tatu tumezihifadhi vizuri, na hapo ndipo baadhi yetu tunapoteleza. Tunayatazama maji, tunayaona ni maangavu, hayana harufu, ladha yake njema, basi tunasema ni salama. Sifa tatu ziliwekwa kupima najisi. Hazikuwekwa kupima sumu.

Aseniki haina rangi katika maji, haina ladha wala harufu. Floraidi na urani ni vivyo hivyo. Na madini haya si najisi kisheria. Madhehebu yetu ya Shafi yanasema zaidi ya hapo: maji yakibadilika kwa kitu kilichomo katika makao yake au mapito yake, kama udongo, salfa au madini, yanabaki kuwa maji ya kujitwaharishia. Kwa hiyo mtu huweza kutia udhu kwa maji ya kisima, swala yake ikasihi, na maji yale yale yakawa hayafai kumpa mtoto wake anywe.

Msingi huu una asili katika vitabu vyetu. Tunajifunza katika mlango wa maji kwamba inachukiza kutumia maji yaliyopashwa moto kwa jua katika vyombo vya madini, katika nchi za joto. Imam Shafi (Allah amrehemu) aliyachukia kwa upande wa tiba, na wanazuoni wakafafanua kwamba jua hutoa kitu kutoka katika chombo cha madini kikachanganyika na maji. Wakasema pia kwamba mtu akipata hakika au dhana yenye nguvu ya kudhurika, kwa kauli ya tabibu muaminifu, basi kuyatumia kunakuwa haramu kwake. Tazama basi: maji ni twahara, na ushahidi wa mtaalamu unayaharamisha kwa ajili ya madhara. Kauli ya maabara leo inasimama mahali pa kauli ya tabibu yule. Na kanuni kubwa inayokusanya haya yote ni ile iliyochukuliwa katika hadithi ya kukataza kujidhuru na kudhuriana.

Mchimbaji na jirani yake

Imam Nawawi katika Minhaj, mlango wa kuhuisha ardhi, ametaja kwamba kila mtu anaitumia milki yake kwa namna ilivyozoeleka, na akivuka mpaka, analipa. Wanazuoni wamezungumzia pia harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo haijuzu mwengine kulitumia kwa namna ya kukiharibu. Kwa miamba ya Dodoma, harimu ya kweli inafika pale ufa unapofika, na mpimaji wa maji ndiye wa kuulizwa.

Kwa hiyo anayechenjua kwa sayanaidi juu ya ardhi tupu, jirani ya kisima cha watu, amevuka mpaka, na yaliyoharibika ni juu yake kuyalipa kadiri yatakavyothibiti. Leseni ya serikali humpa haki ya kuchimba. Haimpi haki ya kumwagia jirani. Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zinakataza kuchafua maji, na kanuni za madini zinamtaka mchimbaji mdogo awe na mpango wa kulinda mazingira. Tanzania pia imeridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki. Kufuata masharti haya ni katika kutekeleza ahadi, na Muislamu ameamrishwa kutekeleza ahadi.

Tunawanasihi ndugu zetu wachimbaji, na wapo miongoni mwao watoto wa visiwani waliokwenda kutafuta: tumieni kifaa cha kunasa mvuke wa zebaki, tandikeni plastiki nzito chini ya matangi, msichome dhahabu jikoni, fukieni maduara mnapoondoka. Chumo la halali huharibiwa baraka yake kwa haki ya mtu.

Kwa anayetaka kuchimba kisima cha sadaka bara

Sa'd bin Ubada (Radhiyallahu anhu) alichimba kisima kwa ajili ya mama yake, na Uthman bin Affan (Radhiyallahu anhu) alikinunua kisima cha Ruma akawaachia Waislamu. Tunapenda familia zetu ziendelee na njia hii, na bora ziifuate hivi:

1. Kabla ya kuchagua mahali, ulizeni ofisi ya bonde la maji inayohusika. Bonde la Kati lina ofisi yake Singida, na Makutupora iko chini ya bonde la Wami/Ruvu. Kuchimba kisima kirefu kunahitaji kibali, na katika kuomba kibali ndipo mtaalamu anapowaambieni upande gani kuna machimbo.

2. Maji yakitoka tu, yapimwe katika maabara ya maji ya serikali, na matokeo yahifadhiwe kwa maandishi. Msiridhike na kipimo cha chumvi na vijidudu peke yake. Ombeni vipimwe pia floraidi, naitreti, aseniki, risasi na zebaki, na kwa upande wa Bahi na Manyoni ongezeni urani. Karibu na wachenjuaji ongezeni sayanaidi.

3. Viwango vya Shirika la Afya Duniani kwa lita moja ya maji ya kunywa ni hivi: aseniki mikrogramu 10, risasi mikrogramu 10, zebaki mikrogramu 6, urani mikrogramu 30, floraidi miligramu 1.5 na naitreti miligramu 50. Yakizidi hapo, msifungue bomba la kunywa kabla ya kuuliza wataalamu.

4. Kuchemsha kunaua vijidudu. Hakuondoi madini. Maji yakipungua kwa mvuke, madini yaliyobaki yanakuwa mazito zaidi.

5. Kisima kizibwe kwa saruji sehemu ya juu, kiwe na sakafu inayotoa maji nje, na kiwekwe mbali na vyoo na mazizi.

6. Tengeni fedha ya kupima tena kila mwaka, na pia baada ya msimu wa mvua kubwa. Ni bora visima viwili vinavyoangaliwa kuliko vitano vilivyosahauliwa.

7. Pale ambapo ardhi haina maji mazuri, tangi la kuvuna mvua kwenye paa la msikiti au skuli ni sadaka vile vile, ingawa halina umaarufu wa kisima.

Nasi visiwani

Asitudhanie mtu kwamba haya ni mambo ya bara pekee. Mji Mkongwe ulinyweshwa kwa chemchemi za upande wa Bububu tangu enzi za Sultan Barghash, na hadi leo sehemu kubwa ya maji yetu hutoka ardhini. Upande wa mashariki na kusini wa Unguja mwamba ni wa matumbawe, umejaa mapango, na maji hupita ndani yake haraka kuliko katika mwamba wa Dodoma. Mchanga ndio kichujio chetu. Tunapouchimba kwa ajili ya kujengea hadi tukabakisha shimo, kisha shimo likawa jaa la taka, tumeondoa kichujio na kuweka uchafu mahali pake. Mwenye kumnyooshea kidole mchimbaji wa Singida na akanunua gari la mchanga usiojulikana ulikotoka, naye ajihesabu.

Jibu kwa familia iliyouliza

Tukirudi kwa familia yetu. Udhu wa watu wa kijiji kile ni sahihi, na swala zao zilizopita hazina haja ya kulipwa. Nia yenu imefika kwa Mola wenu, na malipo ya nia njema hayapotei. Lakini kuanzia siku mliyojua kwamba kuna wachenjuaji upande wa juu, hamna tena udhuru wa kutokujua. Pelekeni maji yapimwe mwezi huu, na mkiweza watu wa kijiji watumie maji mengine kwa kunywa na kupikia, hasa wajawazito na watoto wachanga, mpaka majibu yatoke. Yakiwa salama, mshukuruni Allah na mpange kipimo kingine. Yakiwa yameharibika, waambieni wenyeji waziwazi, wala msifiche kwa kuona haya kwamba jina la mama yenu limeandikwa pale. Bomba la kunywa lifungwe, maji yaachiwe kufulia na kujengea ikiwa wataalamu wataruhusu, na ripoti ipelekwe ofisi ya bonde na kwa wasimamizi wa mazingira ili aliyeharibu awajibishwe. Kufunga kisima kinachodhuru si kuikata sadaka ya mama yenu. Ni kuilinda isigeuke kuwa dhulma kwa jina lake.

Suratul Mulk imefungwa kwa suali: maji yetu yakididimia chini, ni nani atakayetuletea maji yanayotiririka? Wafasiri wamezungumzia maji kuzama yasifikiwe. Maji yaliyofikiwa na kamba lakini hayanyweki nayo yametuondokea, na aghalabu ni kwa mikono yetu wenyewe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu mama huyo na wazee wetu wote waliotangulia, ayalinde maji ya nchi yetu, na atujaalie tuwe katika wanaonywesha na si katika wanaodhuru.

Wallahu a'lam.